Anayepokea Simu za Shangazi

Ni Jumatatu ya kurudi ofisini, saa mbili kasoro asubuhi, na Kasuku ameshikilia viti viwili. Kimoja amekikalia. Cha pili amekiwekea mkoba ili mtu asikichukue.

Meza ndefu imepigwa kitambaa katikati tu, pembeni vumbi limebaki kama lilivyokuwa. Watu wanasalimiana kwa kelele. Wapo waliofanya kazi pamoja kwa simu miaka mitatu na leo ndiyo wanaonana kwa macho, wanachekana vimo.

"Hicho kiti kina mtu?" anauliza jamaa wa idara ya magari.

"Kina mtu. Shangazi yuko njiani."

"Huyo naye! Anachelewa hata siku ya kwanza?"

"Mwambie mwenyewe akija, kama una ubavu."

Saa tatu inapita. Saa nne simu ya mezani kwa Shangazi inaanza kuita, Kasuku anaipokea. Inaita tena, anaipokea. Karibu na saa sita msimamizi wao anakuja, anauinua ule mkoba kwa mikono miwili na kumkabidhi.

"Hiki kiti kinahamishwa," anasema.

"Kinahamishwa kwenda wapi?"

"Sijui. Kinahamishwa tu."

"Na Shangazi atakaa wapi?"

Msimamizi anatazama dirishani. "Hatuko naye tena."

Kasuku anashika kifua. Kwa miaka kumi na moja amepokea simu katika kampuni hiyo ya bima, na maneno hayo amezoea kuyasikia kwa wafiwa.

"Nilijua amekufa," anasimulia sasa. "Machozi yalishafika hapa. Msimamizi akaniona, akashtuka, akasema hapana, hapana, ni mzima, amepunguzwa. Nikasema alhamdulillahi. Baadaye ndipo nikajiuliza, nimeshukuru kitu gani?"

Anasimulia haya akiwa nyumbani kwake, ameketi ukingoni mwa kitanda. Mbele yake kuna meza ya kujipambia aliyoigeuza ofisi wakati kampuni ilipoamuru watu wote wafanyie kazi majumbani. Chupa za mafuta zilisukumwa upande mmoja, kompyuta ikakaa katikati, na kwa miaka mitatu aliwahudumia wateja huku akijiona kwenye kioo.

"Hiyo peke yake ni adhabu," anasema. "Mteja anakutukana, halafu unauona uso wako ukitukanwa."

Jina la Kasuku alipewa kazini. Mteja akisema jambo, yeye hulirudia neno kwa neno kuhakikisha amelisikia sawa. Aliyempachika jina hilo ni Shangazi, mwanamke wa makamo ambaye naye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kugomba. Aligombeza wapokea simu, mafundi, hata wakubwa, na wateja walimpenda hivyo hivyo. Walikuwa wakipiga na kusema, "Nipe Shangazi wa bima."

Kazi yake ilikuwa madai ya vifo. Anayepiga simu ya namna hiyo mara nyingi hajui aanzie wapi, na Shangazi alikuwa hodari wa kungoja.

Wawili hao walikaa meza moja miaka minane, na wakajenga tabia ambayo idara nzima iliiga. Simu isipopokelewa hurukia meza ya jirani. Badala ya jirani kujitambulisha upya na kumvuruga mteja, aliitikia kwa jina la mwenye simu. Waliiita kuvaliana.

"Anasema, 'Kasuku, nivalie kidogo, naenda kunawa,'" anaeleza. "Namvalia. Sauti naishusha kama yake, nasema, 'Unaongea na Shangazi, niambie mpenzi.' Akirudi namwachia. Hata tulipokuwa majumbani tulivaliana. Mteja hakujua."

Amri ya kurudi ofisini ilikuja ghafla. Ilisema kampuni inataka watu wakae pamoja, wafanye kazi kama familia, na kwamba mlangoni kila mmoja atagusa kadi ili mahudhurio yajulikane.

Shangazi alimpigia Kasuku siku hiyo hiyo. "Familia gani hiyo inayokuhesabu mlangoni?" aliuliza, wakacheka mpaka wakakohoa.

Baada ya kicheko kila mmoja alirudi kwenye hesabu zake. Kwa Kasuku, kurudi kulimaanisha kuondoka nyumbani alfajiri na kuacha karibu robo ya mshahara kwenye nauli na chakula cha mchana. Kwa Shangazi kulikuwa na mama yake mzazi, ambaye macho yamefifia na hawezi kukaa peke yake kutwa. Ijumaa, siku tatu kabla ya kurudi, alimsafirisha kwa kaka yake, mji mwingine.

Jumatatu, akipiga pasi blauzi ya kazini, aliletewa ujumbe kwenye simu: asiende. Watu kumi na mmoja wa ghorofa ile walipata ujumbe wa namna hiyo asubuhi hiyo, wengine wakiwa tayari barabarani.

"Hapo ndipo napotea," anasema Kasuku. "Kama walijua wanampunguza, walimwita wa nini? Na kama walimwita, mbona wakampunguza? Tumeambiwa turudi ili tuwe pamoja, tumefika, hatuko pamoja. Nimeuliza hivyo kila siku mpaka mume wangu ameniomba nipumzike."

Gazeti hili liliiuliza kampuni. Ilijibu kwamba kurudi ofisini na kupunguza wafanyakazi ni mambo mawili yasiyohusiana.

Ofisini hapakuwa na wa kuuliza. Hakuna aliyetangaza kilichotokea wala aliyesema pole. Jumanne mtu wa mitambo alikiondoa kile kiti, lakini simu aliiacha, kwa kuwa hakuwa na maagizo nayo. Msimamizi akatoa agizo moja tu: wateja wakimuulizia Shangazi, waambiwe yuko likizo.

"Mpaka lini?" Kasuku aliuliza.

"Mpaka tutakapoambiwa vingine."

"Na akirudi kutoka hiyo likizo?"

"Dada, nisaidie. Nami nasoma nilichopewa."

Usiku na mchana Kasuku alimpigia rafiki yake, simu ikaita bila kupokelewa. Hakujua amwambie nini akipokea. Kwa mfiwa yapo maneno, kwa mgonjwa yapo. Kwa mtu ambaye kiti chake kimeondolewa wewe umekaa pembeni, hakuwa ameyasikia.

Jumatano alasiri simu ya Shangazi ikaita. Kasuku alikuwa ametoka kubishana na mteja wa gari na akili yake haikuwa pale. Mkono ulikwenda wenyewe, sauti ikashuka yenyewe.

"Unaongea na Shangazi, niambie mpenzi."

Sauti ambayo angeitambua popote ikasema, "Endelea, endelea. Unaniigiza vizuri." Simu ikakatwa.

Jioni alipokea ujumbe wa maneno mawili: "Umekaa vizuri?"

"Nililia chooni kazini, maana nyumbani watoto wananiona," anasema. "Sikulilia kazi. Niliona nampoteza mtu, na yeye anadhani mimi ndiye niliyemtoa. Anadhani nilijua. Ningemweleza vipi kwamba ni mazoea tu?"

Mume wake, fundi wa majokofu, alimsikiliza huku akisafisha bisibisi. "Nenda kwake," alimwambia. "Simu ndiyo imewagombanisha. Usiibebeshe na kazi ya kuwapatanisha."

Jumamosi alikwenda. Shangazi alifungua mlango wa mbao, wa chuma akauacha umefungwa, wakazungumza kupitia nondo.

"Umekuja kama nani?"

"Nimekuja mimi."

"Wewe yupi? Maana juzi ulikuwa mimi."

"Shangazi, lilinitoka. Naapa. Miaka yote hii nakuvalia, mdomo umezoea."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilikushikia kiti."

"Msimamizi hakujua, wewe hukujua, mlinzi hakujua. Basi nimepunguzwa na upepo."

Kasuku anasema alisimama pale akitazama vidole vyake kwenye nondo, mpaka Shangazi akachoka, akafungua.

Ndani, godoro la mama yake lilikuwa limesimamishwa ukutani. Kitanda kilibaki mbao tupu. Kasuku aliuliza kama mama alifika salama.

"Alifika. Kila jioni ananiuliza kazini kwema. Namwambia kwema."

"Mbona usimrudishe? Sasa si uko nyumbani?"

"Nikimrudisha atajua. Alivyolia siku ile akisema hataki kwenda, nikamwambia mama, ni kazi, nitafanyaje? Leo nimwambie nini? Na huko kazini, mnasema niko wapi?"

"Likizo."

Shangazi alicheka kicheko kikubwa kilichoishia vibaya. "Likizo! Na wewe unawaambia hivyo?"

"Naambiwa niseme."

"Mtu wa likizo anarudi, Kasuku. Wale ni wafiwa. Wanahesabu siku wakiningoja." Akafuta uso kwa kiganja. "Yule mzee aliyefiwa na mkewe amepiga?"

"Yupi?"

"Anayeanza kwa kunyamaza. Usimwulize namba ya bima. Mwache anyamaze kwanza, atakuja mwenyewe."

Walikaa mpaka adhuhuri. Kasuku anakiri kwamba hajui walipatana au hawakupatana. Alipoaga, Shangazi alimsindikiza hadi barazani.

"Sijui kama nakuamini," alimwambia. "Nakueleza kweli yangu. Asubuhi nakuamini, jioni sikuamini."

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekaa kwenye kiti changu na kupokea simu. Hilo ndilo linaloniudhi."

Jumatatu iliyofuata Kasuku aliacha kusema likizo. Mteja wa kwanza alipomuulizia Shangazi, alivuta pumzi, akasema, "Ameachishwa kazi. Mimi ni mwenzake. Niambie, nakusikiliza." Akayasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo anadai ilisikika masikioni mwake kama ya mgeni.

Simu zote pale hurekodiwa, kwa hiyo haikupita siku akaitwa.

"Nani amekuruhusu?" msimamizi aliuliza.

"Hakuna."

"Unajua kuna awamu ya pili?"

"Ya kupunguza? Nani na nani?"

Msimamizi aliuinua mkono na kuushusha. "Hawajaniambia. Hata kama nimo, hawajaniambia." Kisha akamwambia arudi mezani, na hakusema aendelee wala aache.

Kasuku ameendelea. Wateja wengine wanashukuru, wengine wanakasirika na kumuuliza kosa lilikuwa nini. Mzee aliyefiwa na mkewe amepiga mara moja. Alinyamaza kwa muda mrefu, Kasuku akamngoja.

"Alipomaliza aliniomba nimpe Shangazi salamu," anasema. "Nilimwambia nitazifikisha."

Kuhusu siku za mbele, anasema angependa kupanga, ila hajui apange kwa kutegemea kipi. Mume wake amependekeza wafungue kijiduka, yeye anaona bado ni mapema. Hajatafuta kazi nyingine na hawezi kueleza kwa nini. Asubuhi anagusa kadi, mlango unafunguka, anaingia.

Jambo moja tu analisema bila kusitasita. Shangazi hajamwambia arudi nyumbani kwake, wala hajamwambia asirudi. Jumamosi hii anakwenda.