Siku ya Kukaguliwa Pikapu ya Baba

Kwa miaka yote niliyoishi nyumbani kwetu Nyantakara, baba alikwenda mjini kwa pikapu yake na mama alikwenda mjini kwa basi. Walitoka nyumba moja, asubuhi moja, wakienda duka lile lile, halafu wakaachana barabarani. Siku ya mahafali yangu ya kidato cha nne baba aliwahi kufika kuliko wageni wote, na mama akaingia watu wameshaanza kula. Mwalimu wa malezi aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama wazazi wangu wametengana. Nilicheka mpaka nikamuudhi.

Chanzo cha mambo haya nimesimuliwa mara nyingi, nacho kina sura mbili. Wiki aliyonunua pikapu, baba alimpandisha mama kiti cha mbele, mimi mapajani mwake, mtoto mchanga, twende tukawasalimu ndugu zake Nyabusozi. Kwenye mlima breki zikagoma. Kwa baba, gari “lilirudi nyuma kidogo.” Kwa mama, lilirudi nyuma mpaka likaingia kwenye migomba ya watu na kuangusha mikungu iliyokuwa bado haijakomaa. Mama alishuka, akachukua kanga aliyokuwa ametandika kwenye kiti, akarudi nyumbani kwa miguu. Jioni baba alipoanza kueleza habari za breki, mama alimkata kauli: “Nitapanda siku serikali itakapoikagua ikasema ni nzima.”

Breki zilitengenezwa kesho yake. Mama hakubadilika.

Baba ni mtu wa neno lake, na huwachukulia wengine kuwa hivyo hivyo. Hakumbembeleza. Lakini kila alipotoka na ile pikapu alipangusa kiti cha kushoto kwanza, hata kama alikuwa anakwenda kuchukua mihogo. Sisi watoto hatukuruhusiwa kukaa pale tukiwa na miguu michafu. Tulijua kiti ni cha nani.

Kwa nini hakuipeleka ikakaguliwe? Kwanza, kwa muda mrefu hakuna aliyemsumbua, maana alizungukia vijiji vyetu na mji wetu tu. Pili, alikuwa na kesi yake na ada ya ukaguzi. “Ng'ombe akipelekwa kwa bwana mifugo anachomwa sindano, nalipia dawa,” alikuwa akisema. “Gari linatazamwa tu. Nalipia macho ya mtu?” Na ukikataliwa, aliongeza, unalipa kutazamwa tena. Mama alikuwa anasikiliza huku akichambua maharage.

Mwaka huu nikaajiriwa kufundisha shule ya msingi Kibimba, kule Ngara, nikapata nyumba, nikawaita wazazi waje ibarikiwe. Mimi ndiye mtoto wao wa mwisho, kwa hiyo ilikuwa nyumba ya mwisho ya mtoto wanayokwenda kuibariki wakiwa na nguvu zao. Baba akasema kwenye simu, “Safari hii tutashuka gari moja, mimi na mama yako.” Nilipokuja likizo alinikabidhi kadi ya gari na simu yake, akaniambia nimtafutie siku ya ukaguzi. Ada hakuizungumzia tena.

Kazi yenyewe si ngumu mtandao ukikubali. Unajaza namba ya gari, unachagua siku, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya jiko, ndiko mtandao unakopatikana, majirani wawili wakaja. Mmoja ni katekista wetu, anayesimamia basi dogo la kwaya. Mwingine ni mzee wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, mwenye lori la kubebea ng'ombe. Wakaomba niwachagulie siku ile ile ya baba. Huku kwetu mtu haendi ofisi ya serikali peke yake, iwe hospitali au mahakamani. Mzee wa lori akasema, “Tukienda watatu, hata selikali itatuona watu.” Nikawachagulia.

Sasa, kuna jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Magari yale matatu yalikuwa na mtungi mmoja wa kuzimia moto. Wenyewe ulikuwa wa basi la kwaya, mwekundu, una msalaba mweupe uliochorwa kwa brashi. Anayesafiri mbali alipita kwa katekista kuuchukua, kama tunavyopita kuchukua masufuria makubwa ya harusi, na akirudi anaupeleka. Miaka mingi ilikwenda hivyo bila neno, kwa sababu hatukuwahi kusafiri siku moja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini walisahau kututumia sisi wa Nyantakara habari hiyo.

Siku ilipofika baba aliiosha pikapu kwa sabuni ya unga juu na chini, akalala chini yake kama fundi, akatoka amelowa mgongo. Alivaa koti la kanisani. Mama akatuaga, akasema na yeye anakwenda mjini kununua chumvi, akaelekea kituo cha basi. Chumvi ilikuwapo nyumbani, mfuko mzima.

Tulipofika kwenye kituo cha ukaguzi tulimkuta ameshaketi kwenye benchi la wanaosubiri, mkoba mapajani, upande ule unaoliona gari vizuri. Baba alijifanya hakumwona. Masikio yake yalikuwa yanamwona, kama hilo linawezekana.

Mkaguzi alikuwa dada wa rika langu, mpole, amevaa buti kubwa kuliko umri wake. Alianza na basi la kwaya. Taa, honi, matairi, mikanda, breki, mtungi. Likapita. Likaja lori, na kabla halijafika mstarini nilimwona katekista akipita nyuma yake na koti lililoviringishwa, kwa mwendo wa mtu anayebeba mtoto aliyelala. Lori nalo likapita. Ndipo ikaja zamu ya baba.

Sijawahi kumwona baba akiendesha vile. Aliambiwa aende mbele kisha afunge breki ghafla, akafunga, pikapu ikasimama pale pale mpaka koti lake likamfuata shingoni. Aliambiwa aipandishe kwenye mwinuko na kuvuta breki ya mkono, akavuta, gari likatulia kama limejengewa. Pale ndipo aliposhindwa kujizuia, akageuka kutazama benchi. Mama alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha mkoba wake. Moyo wangu ulikuwa juu, nawaambia, kuliko siku ya matokeo ya mtihani.

“Mtungi, mzee,” akasema mkaguzi.

Mzee wa lori alikuwa ameshafika na koti. Mkaguzi akalifunua, akautazama ule msalaba, akainama kidogo.

“Shikamoo mtungi,” alisema. “Leo tunasalimiana mara ya tatu.”

Hakuna aliyecheka. Mzee wa lori ndiye aliyejitolea kututetea. “Afande, mtungi huu ni wa ujilani. Moto ukitokea, si utatokea kwenye gali moja? Hayawezi kuungua yote kwa mpigo.”

“Yakienda njia tatu tofauti, mtungi utamfuata nani?” dada yule aliuliza, na kweli alitaka jibu.

Katekista akatazama buti za yule dada. Baba akasema, “Mwanangu, hajakosea mtu isipokuwa sisi. Andika unachokiona.” Dada akaandika. Basi la kwaya likabaki na cheti chake kwa kuwa mtungi ni wake. Lori na pikapu zikaambiwa zirudi zikiwa na mitungi yao, kwa siku nyingine ya kupangiwa na malipo mengine. Alimpa baba karatasi kwa mikono miwili, akamwambia, “Samahani, baba.” Nilimpenda kwa hilo, na nilitamani pia kumpokonya ile kalamu.

Baba alikwenda mwenyewe mpaka kwenye benchi. Angeweza kusema kwamba breki ni nzima na kilichokosekana ni mtungi tu, ingekuwa kweli tupu. Hakusema. Neno la mama lilikuwa serikali iseme ni nzima, na serikali haikusema.

“Imekataliwa,” alimwambia. “Panda basi tu, mama. Tutakutana nyumbani.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na mimi nikaangalia pembeni.

Mama aliinuka. Hakuelekea getini. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, akafungua mlango wa kushoto, akapanda, akaweka mkoba miguuni.

“Mama, haijapita,” baba akasema.

“Nimesikia. Mimi si kiziwi.”

“Sasa?”

“Sikuwahi kuiogopa hii pikapu yako,” mama alisema. “Siku ile mlimani nilimtazama huyu mtoto, nikaona tukifa, tunakufa wote wawili siku moja. Watoto wangebaki na nani? Ukianguka wewe, nipo. Nikianguka mimi, upo. Ndiyo sababu nikapanda basi, nikakutajia serikali nikijua ada hutaitoa. Sasa huyu wa mwisho ana mshahara wake na nyumba yake.”

Baba alikuwa ameshika mlango. “Miaka yote hiyo. Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia, ungeiuza kesho yake. Na ulikuwa unaipenda.”

Baba alizunguka akaingia upande wake. Alikaa ameshika usukani bila kuwasha, akijifuta uso kwa kiganja, na mama akamwacha ajifute. Mimi nikasogea ili nibanane nao, maana kiti cha mbele kinatosha watu watatu, na pia sikutaka kupitwa na safari ile kwa chochote. Mama akavuta mlango ukajifunga kabla sijaugusa. Akanitazama kupitia dirishani, kwa macho yale yale ya kuniuliza kama nimekula.

“Wewe panda basi,” akasema.

Nikapanda basi. Nililia njia nzima, mpaka mama mmoja aliyeketi karibu nami akanishika mkono, akanipa pole, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, ni wazazi wangu wamepanda gari moja.