Saladi Nyeupe ya Wifi

Kabla kaka yangu hajaoa, kachumbari ya ukoo wetu ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipa kwa kura wala kwa kikao. Ilikuwa yangu kama pua yangu ilivyo yangu. Kwetu Soweto, hapa Mbeya, shughuli ikikaribia mama anagawa vyungu. Shangazi anapewa pilau, mke wa baba mdogo anapewa nyama, majirani wanapewa ndizi na viazi. Akifika kwangu mama hanitazami hata usoni. Anasema tu, "Na yule na nyanya zake," na watu wote wanajua ni nani.

Na nilistahili. Kitunguu nilikuwa nakikata chembamba hadi ungeweza kukiweka juu ya gazeti ukaendelea kusoma. Nakiosha kwa chumvi, nakikamua mpaka kinaomba msamaha, ndipo nakichanganya na nyanya, tango na pilipili. Nikisema wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa waliacha maduka wazi wakaja kula kachumbari yangu nitakuwa nimeongeza kidogo, lakini si sana. Mimi mwenyewe nauza mitumba hapo Mwanjelwa, nawajua. Na kidato cha nne nimekisoma masomo ya jioni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akinivuta sketi, nikafaulu. Kwa hiyo ninapoeleza jambo, mniamini.

Kaka akaoa Iringa. Binti wa watu ni mpole, mrefu, ana sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani. Akikusalimia anapiga goti, hata kama kuna tope. "Shikamoo wifi," halafu anabaki chini mpaka umalize kuitikia. Hebu fikiria kumwonea wivu mtu wa namna hiyo. Unaumia mara mbili, kwa sababu hata sababu ya kugombana naye hakupi.

Sikukuu ya kwanza baada ya harusi, mama alialika jumuiya nzima. Wifi akaja na beseni limefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe. Akafunua. Nilidhani ni uji umemwagikia majani. Kumbe ni kabichi mbichi, imekatwa nyembamba kama nyuzi za kushonea, ina karoti iliyokwaruzwa na vipande vya hoho, vyote vimelala ndani ya rojo zito la mayonezi na mtindi. Kaweka limau, kaweka na sukari kidogo. Sukari, kwenye mboga! Nikajisemea moyoni, haya, leo tutaona nani atakula.

Walikula wote. Walikula wazee wasiokula kitu kibichi tangu wazaliwe. Mama yangu alipakua, akapakua tena, halafu akapitisha kidole kwenye sahani. Ndiye mama aliyetulea kwa viboko kwamba kulamba kidole mbele ya wageni ni aibu. Kachumbari yangu ilibaki kwenye bakuli, nyanya zikinitazama mimi, mimi nikizitazama. Watoto wakawa wanaagizana, "Niletee ile nyeupe." Yangu ikaitwa ile nyingine.

Wivu una mahali pake mwilini. Wangu unakaa chini kidogo ya titi la kushoto, na siku ile ulikaa hapo kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Sasa, mwaka ule mama alikuwa anamalizia nyumba yake. Tangu baba afariki amekuwa akiijenga kwa viazi. Akivuna anapandisha kozi moja ya matofali, akivuna tena anapandisha nyingine. Ilibaki dari na rangi tu, kisha mchungaji aje kuibariki. Shughuli hiyo ndiyo mama aliyoingoja nusu ya maisha yake, na mimi nilijua kabisa kwamba atakayepewa saladi siku ile amepewa moja kwa moja. Baada ya nyumba hakuna shughuli kubwa tena. Nilitaka mama asikie jina lake kwenye maombi huku mdomoni ana chakula changu. Nilitaka hilo tu, na nililitaka vibaya.

Basi kipaimara cha mwanangu wa kwanza kilipofika, nikaamua kumwonyesha wifi. Nyumba ni yangu, mtoto ni wangu, jiko ni langu. Wifi aliuliza kwa upole kama aje anisaidie saladi. Nikamwambia yeye ni mgeni, avae vizuri, akae. Kulipokucha nikakata kabichi kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Nikainyunyizia chumvi ya kutosha, maana mkono wangu umezoea kitunguu, nao kitunguu bila chumvi hakinyooki. Lakini kuiosha na kuikamua sikukumbuka, akili ilikuwa kwenye mayonezi. Nikamimina kopo zima, nikamimina mtindi, nikakoroga. Ilipendeza! Ilikuwa nyeupe kuliko ya Iringa. Nikafunika, nikaenda ibadani kifua mbele.

Ibada ya kipaimara kwetu ni ndefu, hilo linajulikana. Nilichosahau ni mnada. Ibada ikiisha, sadaka za mazao zinauzwa pale nje ya kanisa, na hakuna mtu anaondoka, maana kuondoka ni kama kumkimbia Mungu. Siku ile kulikuwa na jogoo mwekundu. Kulikuwa na wanaume wawili waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Kila mmoja alitaka jogoo asiende kwa mwenzake. Wakapandishana hadi nikaamini jogoo atakufa kwa uzee mikononi mwa mzee wa kanisa, huku jua la Mbeya, ambalo kwa kawaida lina haya, likiamua siku hiyo kutoka lote.

Tuliporudi nyumbani nikafunua beseni. Kabichi ilikuwa imelia machozi yake yote. Juu ilikuwa inaelea karoti, chini kuna maji ya rangi ya chokaa, na mayonezi yamejikusanya pembeni kama mapovu ya sabuni. Nisingekuwa na wageni ningeogelea. Mjomba mmoja akachota, akachungulia kijiko, akauliza hii supu inaliwa na wali au na ugali. Watu wakacheka, nikacheka kuwapita wote, kwa sababu mwenye shughuli hana ruhusa ya kulia.

Wifi hakucheka. Alikuja, akachukua lile beseni akalipeleka nyuma, asije mwingine akachota. Huo wema ndio ulionimaliza. Na mama, akiwa amekaa pale na sahani yake, akaniita karibu akaniambia taratibu, "Mwanangu, ya kwako ni ile ya nyanya."

Nimeambiwa maneno mengi katika maisha haya. Hilo bado nalisikia.

Miezi ikapita bila mama kusema nani atatengeneza saladi ya nyumba. Kila nikimuuliza kuhusu dari anajibu, nikisogea kwenye chakula anaanza kukohoa. Hapo ndipo ikaja sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake wifi aliyekuwa anaolewa, huko Iringa, tukasafiri: mama, kaka, wifi na mimi. Iringa kuna upepo unaokuvua kitenge mbele ya wakwe. Unapanda kilima unasukumwa, unashuka unasukumwa. Tulipokelewa kwa "kamwene", salamu ya kwao, kutoka kila upande, mama akafurahi, mimi nikawa macho. Nilikwenda kupeleleza. Nilitaka kuona jiko alikotokea huyu mtu.

Nikaona nisichokitegemea. Kwenye jiko la kwao, wifi yangu hakuwa mtu. Saladi ilikuwa ya dada yake mkubwa, mwanamke mnene mwenye kisu chake binafsi, anayetoa amri bila kugeuka. Wifi alipewa vitunguu swaumu amenye. Aliposogea karibu na kabichi, dada mtu akamwambia mbele yetu, "Wewe utaharibu, toka hapo." Na wifi akatoka, na goti akapiga. Nilikaa naye kwenye mkeka tukamenya. Nakiri nilifurahi kidogo. Halafu ile furaha ikaanza kunikwama, kama mfupa wa samaki, maana nilimtazama usoni nikaona mgeni yule yule mwenye godoro. Alikuwa amehamia na kwake.

Dada mtu hakuchanganya kitu mapema. Kabichi aliitia chumvi, akaiacha itoe maji, akaiosha, akaikamua ndani ya kitambaa safi kama mtu anayekamua nguo ya harusi. Rojo lake lilikaa pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko. MC alipoanza kumwita mzee wa kuombea chakula, ndipo akalimimina na kukoroga. Ikaenda mezani inameremeta. Nikaonja. Niseme nini jamani. Ilikuwa tamu kuliko ya wifi. Ilikuwa tamu hadi nikakasirika.

Nikamtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa amesharudi kwenye foleni. Mzee wa watu, mgeni rasmi, na kikoi chake cha safari, anarudi kwenye foleni ya chakula Iringa kama mwanafunzi wa bweni! Alipomaliza akamwita dada mtu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia angependa aje Mbeya amtengenezee hiyo saladi siku ya kubariki nyumba.

Mimi na wifi tulikuwa tumesimama bega kwa bega na sinia. Tukalibamiza sinia mezani, na siwezi kuapa kwamba ni mimi peke yangu niliyelibamiza.

Tulienda kwenye bomba kuosha vyombo, ingawa hakuna aliyetutuma. Wifi akasugua sufuria moja mpaka nikahofia itatoboka. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Wifi, huyu akija Mbeya, mimi nimekwisha."

"Umekwisha wewe? Na mimi niliyekwisha zamani?"

"Kwenu ndiko walikonipa beseni kwa mara ya kwanza. Nyumbani sijawahi kushika."

Kwa hiyo beseni nililolichukia ndilo lilikuwa la kwanza maishani mwake, na alilifunika kwa kitambaa kizuri kwa sababu hiyo. Ningekuwa mtu mwema ningemkumbatia. Nilimpokonya tu ile sufuria, nikamwambia twende.

Mama alikuwa kwenye kiti, ameshiba, anapigwa upepo. Nikapiga goti, kitu ambacho kwa mama sikuwa nimekifanya tangu niolewe, nikamwambia dada wa watu ana familia na ng'ombe, na safari ni ndefu, tusimsumbue. Saladi ya nyumba tutaitengeneza sisi.

"Sisi nani?" mama akauliza.

Neno lile lilitoka kwa shida kuliko mtihani wa hesabu. "Mimi na mkweo."

Mama akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Akasema sawa, mradi isiwe supu.

Siku ya kubariki nyumba tuligawana kazi kama nchi mbili zilizotoka vitani. Mimi nilikata, nikatia chumvi, nikaosha, nikakamua mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye alitengeneza rojo na kuchanganya. Tulibishana kuhusu sukari, akashinda. Tulibishana kuhusu pilipili, nikashinda, ingawa aliitoa nusu nilipogeuka, nami niliirudisha alipogeuka. Mchungaji alizunguka vyumba vyote akiomba, hadi stoo. Alipoanza kuombea chakula nikampa ishara wifi, akamimina.

Mama alikula akiwa kwenye sebule yake mwenyewe, chini ya dari yake. Mke wa mchungaji akauliza saladi hii kaitengeneza nani. Mama, mdomo umejaa, akanyoosha kijiko kwa wifi. "Mkwe wangu."

"Kabichi amekata wifi, mama," wifi akawahi, akinionyesha mimi.

"Eeh, na huyu amekata," mama akasema.

Amekata! Mgeni wangu wa chini ya titi akajigeuza kwenye godoro lake. Nilikuwa nafungua mdomo kueleza habari ya kukamua, ambayo ndiyo kazi yenyewe, muulize yeyote, mama aliponinyooshea sahani. Hakumnyooshea wifi. Alininyooshea mimi.

"Niongezee, mwanangu. Na mkwe wangu mpakulie, hajala tangu asubuhi."

Nikampakulia mama mlima. Kisha nikachukua sahani ya wifi, nikamwekea kijiko kimoja. Mama alikuwa bado ananitazama. Nikaongeza cha pili.