Kesho Kuna Kula

Ilianza Jumatatu, nikiwa darasa la tano, saa tano na robo asubuhi, kipindi cha historia, upepo ulipogeuka na kutuletea harufu ya kiwanda cha samaki. Haikuwa harufu ya samaki mbichi wala ya samaki aliyeoza. Ilikuwa ya mafuta ya sangara yaliyochemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena, nzito kiasi kwamba ilibaki kwenye sweta ya shule hata baada ya kufuliwa. Madirisha ya darasa letu hayakuwa na vioo, kwa hiyo hapakuwa na la kufunga. Mwalimu, Mhaya mpole aliyevaa tai hata siku za joto, alikohoa kidogo kisha akaendelea kutueleza Marekani ya zamani, enzi za reli na viwanda vya chuma: jinsi watu walivyoshuka melini na mabunda yao, wakalala familia nzima chumba kimoja, na kila alfajiri wakasimama mbele ya geti wakingoja kunyooshewa kidole waingie kazini. Wenye viwanda, alisema, walijenga majumba yao juu ya vilima, mbali na moshi. Hapo nilitaka kuuliza. Sisi wa Igogo ndio tuliokaa kilimani, katikati ya mawe, tukipandisha maji kwa ndoo kichwani. Matajiri wa samaki walikaa chini, ufukweni, na gati lao wenyewe. Sikuuliza. Darasani nilikuwa simwulizi mtu kitu, maana ulimi wangu wa Kisukuma uligeuza kila r kuwa l, na wenzangu waliozaliwa mjini walikuwa wakinisubiri tu. Nikitaka "reli" ikatoka "leli," basi hadi jioni hilo ndilo jina langu.

Watu wa melini niliwajua, kwa sababu mmoja wao alilala jikoni kwetu. Mama mdogo Kabula alikuja kutoka Magu baada ya pamba yao kukaa ndani msimu mzima bila mnunuzi. Zamani chama cha ushirika kilikuja kununua, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa lilikuwa soko huria, na mnunuzi alikuja akipenda. Kabula alimwacha mwanawe Masanja kwa bibi, mtoto ndiyo kwanza anaota meno, akaja na kanga zake na sufuria kubwa aliyopewa alipoolewa. Kila alfajiri aliteremka hadi geti la kiwanda, na jua likishapanda alirudi, hajachaguliwa. Baba naye alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, akawa anashinda mlangoni akitengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Mama hakuwa mkali, ila alikwisha kusema neno lake: "Mdogo wangu, ukipata kiwandani, tunamleta Masanja, tunabanana hapa hapa. Wiki hii ikiisha hujapata, rudi ukalime. Chungu changu hakitoshi tena." Kabula alicheka, akanishika mkono tukatafute pa kumlaza mtoto. Tulipapata, kati ya gunia la mkaa na ukuta, na kila siku alipafagia.

Jumatatu ile nilipotoka shule nilimkuta anafua kitenge chake kizuri huku anaimba.

"Dada!" alimwita mama. "Kesho kuna kula kule kiwandani! Mlinzi katutangazia: kesho kula, mje mapema, atakayechelewa shauli yake!"

"Kula nini?"

"Kula tu, dada. Wamefunga mashine mpya, si lazima washelehekee? Na wakishatulisha, watatukataaje?"

Jirani yetu, mama Neema, alidakia kutoka uani kwake: "Tajiri akulishe wewe? Labda mapanki!" Mapanki ni vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa na kupelekwa uwanja wa ndege, ndiyo samaki wetu sisi. Hata hivyo mama Neema naye hakulala kabla ya kusugua bakuli lake. Mimi sikushtuka. Nyumbani kwetu kura na kula lilikuwa neno moja, ukilitofautisha kwa habari inayozungumzwa, na habari iliyojaa nyumba yetu siku zile ilikuwa chakula.

Jumanne niliteremka naye, maana geti lilikuwa njiani kwenda shule. Wanawake walikuwa wengi kuliko siku zote, wa Magu, wa Ukerewe, wa Musoma, kila mmoja na Kiswahili cha kwao, na karibu nusu yao wameshika mabakuli. Vijana wa kupakia barafu walipotuona wakaangua kicheko. "Oyaa, hawa wamekuja harusini! Bibi harusi yuko wapi?" Msimamizi alitoka na fungu la karatasi zilizokunjwa, akatazama vile vyombo asielewe.

"Nani kawaambia mje na mabakuli?"

"Si mlisema kuna kula?" Kabula alijibu.

"Kura, mama! Ku-ra! Nafasi chache, watu wengi, kila mtu anaokota karatasi. Yenye muhuri anaingia. Kula mkale kwenu!"

Wanawake nao walicheka, kicheko cha kuficha bakuli chini ya kanga. Kisha msimamizi akajitazama mikono. Hakuwa na pa kuziweka karatasi zake. "Haya, lete hiyo sufuria yako."

Basi Kabula, katika kitenge chake kilichopigwa pasi, akasimama getini ameshika sufuria yake ya harusi huku wenzake wakipita mmoja mmoja na kutumbukiza mkono. Alipotaka kuokota na yeye, msimamizi alimzuia: "Mwenye chombo wa mwisho," kama anayetaja sheria ya siku nyingi. Mama Neema alipata muhuri. Alipiga kigelegele, akamwona Kabula, akakikatiza katikati. Mwishowe ikabaki karatasi moja chini kabisa. Kabula aliikunjua, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa nyeupe pande zote.

Hakulia. Alizunguka nyuma ya kiwanda wanakouzia mapanki, na jioni sufuria ilikuwa imejaa, inatokota juu ya mafiga. Tulikula tukifyonza mifupa, mpaka Kabula aliposema, "Si niliwaambia kuna kula?" Baba alicheka hadi akafuta macho. Mama aliweka tonge lake chini, akatoka nje.

Sasa niko kidato cha nne. Kiwanda kimeongeza jengo na ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Mama Neema ana buti nyeupe, na vidole vilivyokufa ganzi kwa barafu. Akinywa chai hulazimika kushika kikombe kwa viganja. Husema Kabula ndiye aliyepona. Nikienda Magu likizo, Masanja huacha ng'ombe wake akaja kuniamkia shikamoo, kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni, na mimi hufikiria pale kati ya gunia na ukuta, ambapo angekua akaniita dada. Tunairudia Marekani kwa ajili ya mtihani. Nimenakili kwamba viwanda vilifungua nafasi kwa kila aliyekuwa tayari kufanya kazi. Nitaandika hivyo, maana nataka kufaulu. Ila sisadiki, kwa sababu ya Jumatano ile, siku iliyofuata kura.

Nafasi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo Kabula hakungoja wiki iishe. Asubuhi ile ya Jumatano nilimbebea bunda lake hadi stendi; sufuria aliishika mwenyewe. Basi lilipoondoka nilikwenda shule, nikachelewa, nikakuta historia imeanza. Mwalimu alikuwa anauliza wale walioshuka melini walipataje kazi. Niliinua mkono. Alitazama nyuma yangu kwanza, kuona ni nani aliyeinua. Nikasimama.

"Kwa kula, mwalimu."

Darasa lote likaangua kicheko. Nilingoja kiishe. Kisha nikalisema tena, kwa sauti zaidi, vilevile kama alivyolisema Kabula.