Kibuyu cha Yeyo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hutafuta blanketi, jua liwake lisiwake. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya kwetu Sambasha mnaijua, ile inayokata masikio. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu, manyunyu yanaanguka kimya juu ya migomba, wala hakuna aliyetoka nje ila kwa lazima. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Bendera yake ilipepea kule boma mjini, lakini kwetu siku ile aliyetawala ni moshi wa jikoni.

Sikusoma mimi. Niliacha darasa la pili, kwa sababu ng'ombe hawachungwi kwa daftari. Haya mnayoyaona, malori, nyumba ya Njiro, mashine ya kusaga kule Kisongo, sikupewa na mtu, na anayesema nilipewa aje aniambie usoni. Usione vyaelea, vimeundwa. Nimeviunda kwa mikono hii na kwa mdomo huu usiojua kuzunguka. Nikiona kitu kimepinda, nasema kimepinda. Wapo walionichukia kwa hilo, na sijutii. Lakini lipo neno moja nililolimeza, na leo nataka mjue kwa nini.

Mama yetu, yeyo kama tunavyosema sisi Waarusha, alikuwa amefariki wakati wa masika ya mwaka uliotangulia. Tukabaki watatu: baba, mimi, na dada yangu mdogo Nembris, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya misheni. Baba alikuwa mgonjwa wa kifua. Daktari wa mjini alimpa dawa, akamrudisha nyumbani, akasema ale, maana asipokula, dawa haitamsaidia. Na kula ndiko kulikokuwa kumemshinda. Uji aliutapika, nyama aliitazama tu kama mali ya jirani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Mimi na Nembris tuliogopa, kila mtu kivyake, wala hakuna aliyemwambia mwenzake.

Asubuhi ile aliamka na nguvu kidogo, akaniambia nimshushie sanduku lake darini. Baba alipenda vikorokoro. Aliendesha maksai miaka mingi kwenye shamba la Mzungu, na kilichotupwa na Mzungu yeye alikiokota. Tukakaa kuzunguka moto, tukawa tunavitoa kimoja kimoja. Kandili la enzi za Mjerumani, halina kioo. Pasi ya mkaa yenye jogoo kwenye komeo. Koti zito la askari, nondo wamelila mpaka mkono mmoja umebaki kama wavu. Ikatoka na saa ya mezani iliyokufa, na Nembris akamuuliza saa isiyotembea ina faida gani. Baba akasema inapumzika, nayo imefanya kazi, kwani wewe hupumziki? Tukacheka. Kicheko kikamletea kikohozi.

Kilipokwisha akainua macho ukutani, juu ya kitanda chake. Pale kilining'inia kibuyu cha maziwa cha yeyo, na mfuniko wake wa ngozi.

Hapa nielewe vizuri, mwanangu, maana ninyi maziwa mnayajua ya pakiti. Kwetu kibuyu cha maziwa hakiguswi na sabuni. Kinasafishwa kwa moto. Mwanamke huchukua kijiti cha loirien, ule mzeituni wa porini, akakichoma mpaka kiwe kaa jekundu, akasugua nacho ndani ya kibuyu, kisha akakung'uta majivu. Moshi ule unaingia kwenye kibuyu na kukaa humo. Na kila mwanamke ana mkono wake. Ukinywa, unajua umenywea kwa nani. Tangu yeyo afe hakuna aliyekitumia kibuyu kile. Nilikuwa nimemwona baba, akidhani yuko peke yake, anafungua mfuniko, ananusa, anafunga haraka kama mwenye nyumba anayeogopa joto lisimtoke.

Basi siku hiyo akasema, leo mtatupikia loshoro, na maziwa ya mgando mtayatia kwenye kibuyu cha mama yenu, yakae humo kidogo. Tukatazamana. Baba ameomba chakula! Mimi nikatoka mbio kutafuta kuni kavu, Nembris akainjika mahindi ya kukoboa na ndizi.

Niliporudi na kuni nikakuta kando ya mlango beseni la maji lenye povu jeupe, na kipande cha sabuni ya mche pembeni. Kibuyu kilikuwa kimeshaoshwa, kikatiwa maziwa. Nembris aliniambia kwa furaha kwamba amekisugua kwa maji ya moto mpaka kimetakata, kama walivyofundishwa shuleni, ili baba asile uchafu na kifua kile. Kilichonizuia kusema pale ni kwamba baba alikuwa anaita.

Nembris akaponda mahindi na ndizi, akamimina maziwa, akampelekea baba kwa mikono miwili na magoti chini. Baba hakuanza kula. Alikichukua kwanza kibuyu, akakileta puani, akakaa nacho hivyo. Nilikuwa namtazama. Uso wake ulishuka kama mtu aliyetembea njia ndefu akafika mlangoni, akakuta wenyewe wamehama.

Kisha akakiweka chini taratibu. "Mama," akamwambia Nembris, maana ndivyo baba wa kwetu anavyomwita binti yake, "ni yale yale. Huu ni mkono wa yeyo."

Akala. Alikula bakuli lote, yule aliyeshindwa na uji, na kila tonge nililiona likipita kooni kwa shida. Nembris alikuwa anang'aa kama ameoshwa yeye. Mimi nikafungua mdomo wangu huu.

"Baba, huyu ameki..."

"Wewe, kuni zimekwisha," akanikata. Na kuni zilikuwa zimejaa hapo miguuni pangu.

Nembris alipotoka na vyombo, baba akanivuta karibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka.

"Ukisema, ile harufu itarudi?"

Nikamwambia haitarudi.

"Basi unasema ili iweje? Mama yenu nimeshampoteza, na leo nimempoteza tena. Huyu mtoto amenilisha kwa moyo wake wote. Unataka umnyang'anye hilo nalo, ili tujue una macho?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, nami nilikuwa nimeusikia msemo huo mara nyingi kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati.

Baba hakuliona jua la mwaka ule. Mawingu yalikuwa bado mlimani tulipomzika mgombani, kando ya yeyo. Msibani Nembris alilia akisema, angalau alikula kwangu, angalau alikula. Nikamshika mkono, nikanyamaza.

Nilinyamaza mpaka tukazeeka. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumwona kwa mwanawe, kule Kimandolu, nayo ilikuwa baridi ya mwezi wa saba vilevile. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia juu ya kitanda chake, cheusi kwa moshi wa miaka yote aliyokitunza kwa mkono wake. Akanikuta nakitazama.

"Kaka," akasema, "unajua nilikiosha kwa sabuni?"

Nikashindwa hata kudanganya.

"Nilijua siku ile ile. Nilipokwenda kuosha vyombo nilikinusa, kikanuka sabuni tupu. Ndipo nikauelewa uso wa baba. Lakini alikula bakuli zima ili mimi nisijue. Ningemwambia najua, angekuwa amekula bure."

Mwanangu, nililia mbele ya watoto wake, mimi huyu.

Kwa hiyo nakwambia wazi, kama ilivyo kawaida yangu. Palipopinda na panapoweza kunyooka, sema, usimwogope mtu. Lakini kilichokwisha kuharibika kisichorudi, na aliyekiharibu alikuwa anakupenda, kula, umalize, na ushukuru. Na vitu vya wazee wako, kabla hujavisugua, uliza kwanza vimebeba nini. Aliyekijua akishalala udongoni, utamuuliza nani?

Engai, Mungu wa baba zangu, akupe moto usiozimika jikoni kwako. Akupe watu wa kukuandalia kwa mikono miwili, na akupe moyo wa kupokea hata kilichokosewa. Kibuyu sasa kiko kwangu. Njoo ukinuse ningali hai.

Itikia baraka: Naai.