Uzi Mweupe Ndani ya Kola

Shemeji yangu aliniibia duka langu la dobi mchana kweupe, ukumbini, mbele ya maikrofoni. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Nasema ilivyokuwa, kwa sababu mtaani wapo wanaosema nina wivu, na wapo wanaosema mjane akikosa mume wa kugombana naye hugombana na shemeji. Waseme. Mdomo hauna pasi.

Duka lile nililianza kabla sijaolewa, kwa mabeseni mawili na pasi ya mkaa, kwenye chumba cha mwisho cha safu ya maduka tisa. Sikusoma. Baba alinitoa darasa la pili nikamlee mdogo wangu, na hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Kwa hiyo nguo za watu nilizijua kwa uzi. Mteja akija mara ya kwanza nilimtazama vizuri, nikampa alama yake, nikaishona ndani ya kola au ndani ya mkanda wa suruali, mahali pasipoonekana. Mwalimu wa hesabu alikuwa na mishono mitatu myekundu. Muuza nyama alikuwa na miwili ya bluu iliyokatana. Nesi hakutaka rangi yoyote kwenye sare yake nyeupe, basi yeye nilimshonea kwa uzi mweupe, nikawa namtafuta kwa ncha ya kidole. Ilifika mahali mtu akisimama mlangoni nauona uzi wake kabla sijaiona sura. Miaka ishirini na miwili sikuwahi kumpa mtu shati la mwenzake.

Mume wangu alinikuta hapo hapo kwenye beseni. Alipofariki, mdogo wake akaja, akasema amekuja kunishika mkono. Anajua kusoma, anajua kuongea, na anavaa tai hata siku ya jua kali, ndiyo maana wateja walimwita Bwana Tai. Nikamweka kaunta. Hapo simlaumu mtu, nilimweka mimi.

Miaka sita tukaenda hivyo. Halafu ofisi ya jiji ikabandika tangazo ukutani: safu yetu inabomolewa, linakuja jengo la ghorofa. Chini ya ghorofa kutakuwa na vyumba vitatu tu vya maduka ya zamani, na watakaovipata ni washindi wa tuzo ya maduka ya mtaa. Maduka tisa, vyumba vitatu. Kuanzia siku ile majirani tuliokuwa tunaazimana chumvi tukaanza kuchunguliana madirishani.

Shemeji alileta fomu.

"Shem, weka dole hapa."

"Umeandika nini?"

"Habari za duka. Mwaka lilipoanza, kazi tunazofanya. Weka bwana, wanafunga saa kumi."

Binti yangu angenisomea, lakini alikuwa kazini kwake, kwenye kiwanda cha sabuni. Nikaweka dole. Wino ule ulikaa kwenye kidole changu siku mbili, mimi ninayetoa madoa ya watu.

Baada ya fomu akaja na lebo za karatasi. Kila nguo ibanwe lebo kwa pini, lebo iwe na namba, namba iandikwe kwenye daftari kubwa.

"Majaji wakikuta uzi watatucheka," alisema. "Uzi ni ushamba."

Fundi viatu wa chumba cha pili alipita akaona lebo zinaning'inia kwenye mashati. "Bwana Tai, unayafua au umeanza kuyauza?"

Shemeji hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaendelea kushona uzi wangu kimyakimya, nguo kwa nguo, yeye akitoka kwenda kunywa chai. Sikuiamini karatasi karibu na maji.

Majaji walikuja Ijumaa, saa tano asubuhi, pasi zote mbili zikiwa za moto. Mmoja alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mwingine mwanamume mnene mwenye faili. Nyuma yao walisimama watu watatu niliowaona mara moja tu, wiki iliyopita, walipoleta nguo.

"Hawa tuliwatuma sisi," alisema mama wa miwani. "Risiti hawana. Kuna koti, sketi ya kijivu na shati jeupe. Tunaomba nguo zao, sasa hivi."

Shemeji akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema kwa sauti nene, "Namba thelathini na moja." Akaenda kwenye kamba ya nguo zilizokwisha pigwa pasi. Nikaona mgongo wake unasimama. Ile kamba inapita juu ya meza ya pasi, na mvuke wa asubuhi nzima ulikuwa umepanda huko. Wino wa lebo ulikuwa umeyeyuka wote. Kila karatasi ilikuwa na doa la bluu, basi.

Na mashati meupe yalikuwa kumi na manne. Kumi na matatu ni ya wahudumu wa mkahawa wa pale kona, kitambaa kimoja, ukubwa karibu mmoja.

Alichomoa moja, akampa yule mwanamume. Mwanamume akaligeuza. "Hili si langu."

Mwenye faili akaandika kitu.

"Samahani, mheshimiwa, ni hili."

"Na hili si langu."

Akaandika tena. Nilisikia kalamu inavyokwaruza. Jasho lilimtiririka shemeji mpaka tai ikalowa, na macho yake yakanitafuta. Sijui kama mtu aliwahi kunitazama vile, kama mtoto aliyeshikwa na joka mguuni. Nikaweka pasi pembeni.

Koti lilikuwa rahisi, mishono minne ya njano, nikampa mwenyewe. Sketi, mshono mmoja wa kijani, nikampa mwenyewe. Kwenye mashati nikamtazama yule mwanamume mara moja, nikakumbuka kwamba yeye nilimpa uzi mweupe, mishono mitano iliyobanana, nikaanza kupitisha kidole ndani ya kola. La kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Wahudumu wote nimewashonea kahawia, kwa hiyo nilitafuta mkwaruzo tu. Mkaa ulikuwa unalialia ndani ya pasi. La nane, hakuna. La tisa likanikwaruza.

Mwanamume akalipokea, akahesabu vifungo. "Ndilo. Hiki cha tatu nilikishona mwenyewe."

Mama wa miwani akaivaa miwani yake, akaichungulia kola kwa muda mrefu. "Mimi siuoni huo uzi."

"Hauonwi, mama. Unaguswa."

Akagusa. Akatabasamu. "Njia hii kaibuni nani?"

Hata mate sijameza.

"Mimi, mheshimiwa," alisema shemeji. "Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Kusoma hajui, ndiyo nikamtafutia njia nyepesi, nikamfundisha."

Mama wa miwani akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Niliviona vile vyumba vitatu. Nikaona kwamba nikisema hapana, duka letu litaandikwa la waongo kwenye faili, chumba kitakwenda kwa fundi viatu, na mimi nitabaki na beseni barabarani. Nikaitikia kwa kichwa. Yule mama akaitazama mikono yangu, vidole vimetobolewa na sindano mpaka vimekuwa vigumu, halafu akaitazama mikono ya shemeji, laini kama unga. Akafunga daftari lake. Hakuuliza tena.

Walipoondoka nilimshika shemeji tai. "Kwa nini umesema vile?"

"Tulia, Shem. Majaji wanataka mtu mmoja wa kuongea naye. Tukishapata chumba tutarekebisha."

Tutarekebisha. Nilifua nalo neno hilo mwezi mzima.

Siku ya tuzo ilikuwa Jumamosi mchana. Binti yangu aliomba ruhusa kazini, akaninyoosha gauni mwenyewe, akanikalisha safu ya tatu. Mlangoni tulipewa kijitabu chenye habari za washindi. Akaanza kunisomea, akanyamaza.

"Soma."

"Mama, twende nyumbani."

"Nimesema soma."

Akasoma kwa kunong'ona. Duka la dobi, mwanzilishi ni shemeji yangu, jina lake kamili. Alibuni mwenyewe alama za uzi. Kisha mstari wa mwisho: "Amemwajiri mjane wa kaka yake kwa huruma, ingawa hana elimu."

Kwa huruma. Nilimwambia arudie, nikidhani hajasoma vizuri. Akarudia.

Wakati huohuo jina la shemeji likaitwa. Akapanda jukwaani na tai mpya, akapewa kibao cha shaba na ufunguo wa mfano, akatia sahihi mkataba wa chumba palepale mezani. Mwanamke wa kando yangu akanisukuma kwa kiwiko: "Piga makofi, mama, si ndugu yako huyo?" Mikono ikapiga. Binti yangu alinitazama, na mpaka leo hajanisema, na bora angenisema.

Nilimkuta shemeji nje karibu na mapipa ya maji. "Shemeji, jina langu liko wapi?"

"Jina? Shem, wewe una dole, mimi nina sahihi. Njoo Jumatatu ufanye kazi, hutakosa."

Nikamfuata mama wa miwani mpaka kwenye gari lake. Nikamwambia siku ile niliitikia uongo, duka ni langu.

"Mama, nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza mbele yake."

Aliweka mkono kwenye mlango wa gari. "Fomu inasema duka ni lake, na ina dole lako," akasema, akaingia.

Jumatatu nilikwenda dukani, lakini si kumfanyia yeye kazi. Nilirudisha nguo ya kila mteja mkononi mwake, wiki mbili nzima, mpaka kamba ikawa tupu. Kisha nikachukua kopo langu la nyuzi na pasi yangu, nikamwachia kibao. Safu yetu ilibomolewa, ghorofa likasimama, yeye akaingia chumbani mwake; mimi sasa nafua uani kwangu. Wengine wamenifuata, wengine wamebaki naye kwa sababu ana feni na viti. Juzi nesi alikuja amefura kwa hasira na sare ya mtu mwingine mkononi, mikono inamfika kwenye viwiko. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona kwamba hilo halinirudishii chochote.

Binti amenifundisha herufi, jioni kwa jioni, kwa chaki kwenye ubao wa meza ya pasi. Nimepeleka barua tatu ofisi ya jiji, nimeziandika mwenyewe. Hazijajibiwa. Hii ni ya nne, na hii nawaandikia ninyi mnaopita kwenye ghorofa lile mkaona kibao kinang'aa.

Kuitikia kwa kichwa ni kosa langu, nalibeba mwenyewe. Ila shemeji yangu namdai maneno mawili, kwenye maikrofoni ileile, mbele ya watu walewale: "Ni lake." Na yule mama wa miwani namdai swali lake. Aje aniulize tena, nikiwa peke yangu. Jibu ninalo.