Nilivyokwenda Mambasa Kusema "Nasadiki"

Nilitoka Bunia kwenda Mambasa kwa sababu kaka yangu Pascal alipata mtoto wa kiume, na jina lililoandikwa penye nafasi ya mama wa ubatizo lilikuwa langu. Hakuna aliyeniuliza. Baba yangu ni katekista. Ameandaa watoto wa mtaa mzima kwa komunyo ya kwanza. Mama anaimba kwenye kwaya tangu kabla sijazaliwa. Asili yetu ni Mahagi, na nyumbani kwetu mtoto hupiga ishara ya msalaba kabla hajajua kufunga viatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasomea uuguzi, na kwa karibu mwaka mzima sikuwa naamini tena.

Watu hupenda kupewa sababu. Wangeridhika kama ningesema kuna mtu alikufa, au mwanamume fulani alinipotosha. Sababu hiyo sina. Jumapili moja nilisoma somo la pili mbele ya waumini, nikasema "Neno la Bwana," wakaitikia, nikarudi kwenye benchi nikiwa nimegundua kwamba nilikuwa nikizungumza na watu tu. Nilingoja hali ile ipite, kama mtu aliyeoga mtoni anavyongoja maji yamtoke masikioni. Haikupita. Nikaendelea kusali rozari jioni pamoja na wenzangu, midomo ikienda, miguu ikitikisika chini ya meza, hata mama akauliza kama nina minyoo.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, baba alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya parokia, au parwasi kama tusemavyo kwetu, inayosema kwamba mimi ni mkristu mwaminifu.

"Nimeandika miye mwenyewe, Abé ametia kashe," alisema, akimaanisha padri wetu na mhuri wake. "Kule Mambasa hawakujui. Hii itakusemea."

Nilisema asante, nikaenda kukaa uani. Nikashindwa kukaa.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda pikipiki ya Papa Jado, mtu mzima aliyeizoea ile njia kuliko wote tunaowajua. Aliwasha injini, akapiga msalaba, kisha akageuka.

"Na weye, mutoto yangu. Hii barabara haiko ya muchezo."

Nikapiga msalaba. Mkono ulijua njia wenyewe.

Kufika Marabo jua lilikuwa limeshachomoza vizuri na vumbi limetugeuza rangi. Papa Jado alikunywa chai. Mimi nilizunguka sokoni, nikanunua ndizi, nikala moja, nyingine nikampa mama aliyeniuzia. Nilitaka tuondoke. Tulipoondoka nilitaka tusimame.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha barabarani. Askari aliomba kitambulisho, na nilipokuwa nakitafuta, barua ya baba ikaanguka. Aliiokota akaifungua, akaanza kuisoma kwa sauti mbele ya abiria wote waliokuwa wakingoja zamu zao.

"Mukristu mwaminifu, anasali, anasaidia parwasi..." Akacheka. "Kumbe leo tunapitisha mutakatifu! Pita, mama. Utuombee siye pia, tuko na shida mingi hapa."

Watu walicheka, na yeye alicheka pia, lakini macho yake hayakuwa yakicheka. Alikuwa akiomba kweli.

"Nitawaombea," nilisema.

Tulipoondoka niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku moja kanisani. Nyumbani nilikuwa nadanganya watu walionipa uongo huo tayari. Huyu nilimtungia uongo mimi mwenyewe.

Komanda mvua ilitukamata kabla ya saa sita. Tulikimbilia malewa moja, kibanda cha mama anayepika bugali na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo. Papa Jado alikula akasinzia. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama barabara ikigeuka tope.

"Ingia ukae," mwenye malewa aliniambia. "Mvula haisikie mutu mwenye anasimama."

"Ninachelewa, mama."

"Unachelewa nini?"

Ubatizo ulikuwa Jumapili.

Baada ya hapo msitu ulitufunga pande zote mbili. Chini ya koti la mvua, ambamo hakuna aliyeweza kunisikia, nilijaribu kulitamka neno ambalo ningeulizwa kanisani. Nasadiki. Nililisema haraka, nililisema polepole, nililisema kama mtu anayetaja jina la kijiji. Lilitoka vizuri kila mara, na ndilo lililonitisha. Kumbe ningeweza.

Mambasa tuliingia saa kumi na moja jioni. Pascal, ambaye anauza mbao pale, alikuwa bado kazini. Solange, mke wake, alinimwagia maji miguuni, kisha akanipa mtoto kabla sijakauka. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na alinishika kidole akasinzia.

"Pascal alitaka bibi ya patroni wake," Solange alisema, yaani mke wa tajiri wake. "Nikamuambia hapana, nataka weye."

"Juu ya nini miye?"

Alikuwa akichambua sombe. Hakuinua macho.

"Mutoto yetu wa kwanza alipokufa kule Bunia, watu wote walikuja kuniambia ni mapenzi ya Mungu. Wote. Ni weye tu haukusema. Ulikaa na miye, ukanifulia nguo."

Nilikumbuka lile juma. Wakati ule bado niliamini. Sikusema kwa kuwa sikuthubutu. Lakini usiku huo sikulala, maana nilijua kwamba yule askari ningeweza kumdanganya, na hata baba. Huyu hapana.

Jumamosi asubuhi tulikwenda parokiani kwa maandalizi. Nilimwomba abé wa pale tuzungumze pembeni, akanipeleka kwenye kivuli cha ukuta wa sakristia.

"Siwezi kuwa mama wa ubatizo," nilisema. "Siamini."

"Huamini nini?"

"Yote."

Nilingoja anikaripie, na nadhani nilitaka anikaripie.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema. "Basi huwezi kusimama, ni kweli. Nitatafuta mwingine. Lakini nyumbani utasema weye mwenyewe. Siyo miye."

Nilimwambia Pascal saa sita, chakula kikiwa mezani. Alisukuma sahani.

"Umefanya safari yote hii kutuletea haya? Papa ni katekista! Nitamuambia nini?"

"Nitamuambia miye."

"Ni masomo. Walikufundisha damu na mifupa, sasa unaona mutu ni nyama tu."

Solange alikuwa na mtoto kwenye ziwa. Mwishowe aliuliza:

"Nikikufa, huyu mutoto utamulea ao hautamulea?"

"Nitamulea."

"Basi," alimwambia mume wake. "Kula."

Jumapili jirani yao mmoja alisimama mahali pangu, mama mnene mwenye sauti nzuri. Solange alinivuta nisimame karibu naye hata hivyo. Padri alipouliza kama tunasadiki, kanisa zima lilijibu, na mimi nilifunga mdomo. Ni jambo dogo, kufunga mdomo.

Jumatatu nilirudi Bunia, jua kali, bila mvua, bila kusimama mahali popote. Pascal alikuwa ameshapiga simu. Baba alinifungulia mlango, akaniuliza kama nimekula, akaingia ndani. Juma zima hakuniuliza kingine. Mama aliongea na mimi kuhusu chumvi na makaa tu.

Jumapili iliyofuata baba alikuja mlangoni pangu amevaa shati lake la kitenge.

"Unakuja?"

"Hapana, papa."

Alisimama hapo.

"Nimefundisha watoto ya watu wote kujibu," alisema. "Weye sikukuuliza hata siku moja."

Wakaenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubaki peke yangu nyumbani saa ya misa. Nilifagia vyumba viwili, nikaacha cha tatu katikati, nikapika wali na maharagwe. Nilikuwa nimedhani kwamba mtu akisha kusema kweli, hutulia. Sijatulia hata leo. Safari ile ilinifundisha tu kwamba kuna kutotulia kwa mtu anayejificha na kutotulia kwa mtu anayeonekana, na kwamba huku kwa pili kunaniachia nafasi ya kupumua.

Waliporudi baba aliombea chakula. Nilingoja mikono ikiwa mapajani hadi waseme amina. Tulikula. Mama aliondoa sahani akaenda jikoni kuosha. Baba alibaki, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Ilianza siku gani?" aliuliza.

Nikaanza kumsimulia. Jikoni, vyombo vikanyamaza.