Oreeditse na Ng'ombe Elfu Nane

Siku ya tisa baada ya kumzika binti yake, Oreeditse alirudi kazini. Alishuka kwenye gari la idara, akavaa buti za mpira, akachukua bomba la dawa na kuanza kunyunyizia magurudumu ya gari la kwanza kwenye foleni, kana kwamba alikuwa ametoka kidogo kwenda kunywa maji.

"Pole, Mma-Gorata," nikamwambia.

"Asante. Hii dawa nani kaichanganya? Nyepesi mno."

Gorata ndiye aliyekufa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa pekee, na gari alilopanda liligonga punda karibu na Palapye. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa Mma, yaani Mama, pamoja na jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo kila aliyempa pole, kila dereva aliyemzoea na kila mkubwa wa ofisi alimwita kwa jina la marehemu, mara hamsini kwa siku. Sikumwona akishtuka hata mara moja. Msibani hakulia. Shangazi zake walisema ana moyo wa jiwe. Mimi nimefanya naye kazi miaka kumi na moja, na nilichokiona ni mtu aliyezimika. Alikula akiambiwa kula. Ukimsimulia jambo la kuchekesha alisema, "Ee, inachekesha."

Geti letu liko kwenye barabara kuu ya kwenda Francistown, na kazi yetu ni kuzuia ugonjwa wa ng'ombe wa miguu na midomo usivuke. Abiria wanashuka na kukanyaga mkeka wenye dawa. Madereva wanafungua maboksi yao ya barafu tuone kama kuna nyama mbichi. Ndivyo ilivyo tangu asubuhi hadi jioni.

Mwezi wa tano, dereva mmoja wa lori la saruji alimwaga vitu vyote vya boksi lake mezani ili nivikague. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga honi, akavikusanya mbiombio, akaondoka. Kitabu kikabaki. Kilikuwa kinene kama tofali, na jaladani mnara ulikuwa unawaka moto.

"Wafalme na majoka," nikasema. "Mambo ya watoto wa shule. Tukiegemeze mlangoni, upepo unasumbua."

Oreeditse alikifungua. Hakuwa msomaji, hata gazeti alikuwa amelikatia tamaa, alisema mistari inampita kama magari. Alisoma akiwa amesimama. Baadaye akaniambia kwamba kwenye ukurasa wa kwanza mfalme anamnyonga kaka yake mbele ya wageni, kisha wageni wanaendelea kula.

"Hiki si cha watoto," akasema, akavuta kiti.

Akawa anasoma kati ya gari na gari. Nikamwuliza kama kitabu ni kitamu.

"Sijui. Watu wanatembea tu."

"Wanakwenda wapi?"

"Mbali. Bado wana kurasa mia saba."

Humo ndani watu walikufa kwa mamia. Alinisimulia vifo vyao kwa sauti ileile ya kusoma namba za magari. Hakujifanya kuguswa, na hakuna mtu ndani ya kitabu kile aliyemwangalia usoni kuona kama ataguswa.

Baada ya wiki tatu lori la saruji likarudi. Dereva anaitwa Modiri, mnene, kicheko chake unakisikia kabla hajazima injini. Akakiona kitabu mikononi mwa Oreeditse.

"We Mma! Hicho si changu hicho? Nimekitafuta mpaka chini ya viti! Mke wangu kasema afadhali kimepotea."

Akanyoosha mkono. Oreeditse hakukitoa.

"Niko ukurasa wa mia nne na kumi na mbili," akasema.

Modiri akaurudisha mkono wake taratibu. "Hawajafika mtoni?"

"Bado."

"Basi kaa nacho. Na mtu asikuhadithie." Nyuma honi zilikuwa zimeanza. Akatoa kichwa dirishani. "Nyamazeni huko! Watu wazima wanaongea!"

Alipopita tena, Oreeditse alikuwa anamsubiri kando ya kizuizi.

"Nimemaliza. Huyu mwandishi hajui ng'ombe."

"Hajui nini?"

"Jeshi limevusha ng'ombe elfu nane mtoni, kutoka nchi yenye tauni ya mifugo. Hawakukaguliwa. Hawakutengwa hata siku moja. Sura inayofuata watu wanachinja, wanakula, wanaimba. Ingekuwa kweli, ndani ya miezi miwili hawana ng'ombe hata mmoja, na hiyo vita imekwisha."

Modiri alicheka mpaka akashikilia kioo cha lori. "Mma-Geti! Miaka tisa tunabishana juu ya kitabu hiki, hakuna hata mmoja wetu aliyewaangalia ng'ombe!"

"Mnabishana na nani?"

Swali hilo nililisikia vizuri. Lilikuwa la kwanza kumsikia akiuliza tangu msiba, ukiacha la dawa.

Walikuwa watatu. Walikuwa wakikutana kila Jumamosi asubuhi Mahalapye, kwenye uwanja wa Rra, yaani Bwana, Tshekiso, mchongaji wa mawe ya makaburi, kwa sababu kwake kuna kivuli cha bati na mahali pengi pa kukaa. Oreeditse aliniomba nimsindikize. Mimi nilifuata magwinya, maandazi yetu ya kukaanga; niliahidiwa ya moto na kweli yalikuwa ya moto, yanachuruzika mafuta.

Wa tatu alikuwa Mma Moatlhodi, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, miwani imefungwa kwa kamba. Hakusalimia vizuri.

"Wewe ndiye wa ng'ombe? Kaa hapa. Nimepiga hesabu. Kivuko kimoja, mchana mmoja, ng'ombe elfu nane. Haiwezekani. Ni siku nne, na hapo wasisimame kunywa maji."

"Watakunywa," akasema Oreeditse. "Ng'ombe akiona maji humwambii kitu."

Rra Tshekiso akapiga goti lake kwa kofi. "Ni hadithi jamani! Kuna mtu anaongea na moto na moto unamjibu. Hilo mmelikubali. Ng'ombe ndio wanawashinda?"

"Moto sijawahi kufanya nao kazi," Oreeditse akasema. "Ng'ombe ndiyo kazi yangu."

Walicheka wote. Yeye hakucheka, ila alichukua gwinya la pili bila kuambiwa.

Njiani kurudi nikamwuliza kwa nini hakuwaambia habari za Gorata.

"Hawajauliza."

Pale alikuwa Mma-Geti, basi. Akapewa kitabu cha pili, kisha cha tatu. Baridi ikaisha, mvua zikaja kidogo na kukata. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, wakiwa katikati ya sura, aliweka kidole kwenye ukurasa na kumgeukia Rra Tshekiso.

"Jina la herufi sita linachukua muda gani kuchonga?"

"Asubuhi moja. La nani?"

"La mwanangu. Gorata."

Modiri aliweka kikombe chini. Mma Moatlhodi akavua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. Nilidhani wataanza kumshika mikono na kumpa pole, nikajikuta nimekaza mabega kwa ajili yake.

"Jiwe jeusi au la kijivu, Mma?" akauliza Rra Tshekiso.

"Kijivu."

"Sawa."

Kisha mwalimu akavaa miwani yake. "Tulikuwa sura ya thelathini," akasema, na Oreeditse akaendelea kuwasomea.

Jiwe lilifunuliwa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, familia ilipokusanyika. Shangazi walisimama mstari wa mbele, wanamtazama usoni. Modiri alikuwa ameegesha lori nje ya makaburi. Mwalimu alikuwa jikoni tangu alfajiri akiponda nyama iliyochemshwa na wanawake wa ukoo, akiwasahihisha kiasi cha chumvi. Oreeditse alivuta kitambaa, akasoma jina, akakikunja kitambaa mara nne na kukishika. Machozi hayakuja.

"Hawa wageni ni akina nani?" shangazi mkubwa akauliza.

"Watu wangu wa vitabu."

"Vitabu gani? Vya dini?"

"Hapana, Mma. Vya vita."

Jioni nilimsaidia kuosha masufuria. Nikamwuliza anajisikiaje.

"Sijisikii kitu," akasema. Akasugua sufuria. "Jana mgongo uliniuma. Nikafurahi kidogo kwamba kuna kinachouma."

Sijui niwaambie nini zaidi kuhusu hilo. Bado yuko hivyo siku nyingi. Wamemaliza kitabu cha tano na cha sita hakijaandikwa. Modiri anamlaani mwandishi kila akipita getini, wakati Oreeditse ameanza upya cha kwanza, na safari hii anaandika pembeni kwa penseli makosa yote ya mifugo.

Mwezi uliopita ugonjwa ulionekana kaskazini, likizo zetu zote zikafutwa. Jumamosi tatu hakwenda Mahalapye. Ya nne, gari dogo likasimama getini, wakashuka wote watatu, mwalimu kavaa viatu vyake vizuri na kabeba kikapu. Walikuwa wamekuja kukaa naye ile nusu saa ya chakula cha mchana.

"Fungua kikapu, Mma," Oreeditse akasema.

"Mimi?"

"Kila mtu."

Ndani kulikuwa na soseji mbichi za ng'ombe, kilo mbili, za kuchoma.

"Zinabaki hapa."

"Mma-Geti, ni mimi!" mwalimu akalalamika. "Nimezinunua asubuhi hii kwa mchinjaji ninayemjua tangu hajaota ndevu!"

"Nimesikia. Zinabaki."

Akaziandika kwenye daftari, akaziweka kwenye ndoo ya nyama ya kuteketezwa. Modiri alicheka mpaka akakaa chini kando ya barabara. Tukaenda nyuma ya ofisi, tukala mkate mkavu na chai, Oreeditse akasoma kurasa kumi na nne. Kisha foleni ikawa ndefu, akanipa kitabu nikishike, akaenda kuchukua bomba.